Rangi ya Chini ya Mashua

Mashua ilirudi Isiolo juu ya lori la mbuzi. Ilikuwa imefungwa kifudifudi kwenye vyuma vya juu, na mbuzi walikuwa chini yake, wamekaa kivulini safari nzima kutoka Biliqo kule mtoni, hata wakashuka wamechangamka kuliko mbuzi wengine wowote niliowahi kuona wakishuka lori. Lori liliposimama mbele ya kiwanja changu pale Wabera, majirani walitoka kutazama. Mji wetu hauna ziwa wala bahari, na mashua ikipita barabarani lazima watu waache walichokuwa wakifanya. Mimi sikutoka. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na nikabaki nimekishika. Niliijua kwa rangi yake kabla sijaona umbo, kwa sababu ile buluu niliipaka mimi.

Niseme jambo lenyewe mapema, maana sina subira na watu wanaozungusha habari. Mashua hiyo ilizama kwenye mto Ewaso wakati wa mafuriko, na mwendeshaji wake akafa. Tundu lililoizamisha nililiziba mimi. Nililiziba kwa fila ya ukuta, ule unga mweupe tunaouchanganya na maji kuziba mashimo ya misumari sebuleni, kisha nikapaka rangi juu yake, ikapendeza. Watu wote walisema ni gogo lililoigonga. Nami niliwaacha waseme hivyo kwa miaka miwili.

Aliyeshuka upande wa abiria alikuwa mjane wa mwendeshaji huyo, ikabidi nitoke. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku nilipoenda kutoa pole, na siku hiyo sikuweza kumtazama usoni. Ni mwanamke wa Kiborana, mrefu, mkavu, mwenye namna ya kusimama na kusubiri umalize fujo zako ndipo azungumze.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, mama. Karibu."

"Hii mashua wamenipatia mimi," alisema. "Kamati ilikaa, hakuna mtu anataka kuiendesha. Mimi nikasema nitashika kasia, mzee wangu alinifundisha. Wakacheka, halafu wakanyamaza."

"Wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine? Mto ukijaa sisi tunakatwa, unajua. Mgonjwa anabaki huko, unga inabaki huku." Aliigusa mashua ubavuni kwa kiganja, kama anayemtuliza ng'ombe. "Nataka rangi ile ile. Aliipenda hii. Na mashimo uzibe vile uliziba ile mara ingine."

Nikasema sawa. Neno hilo lilinitoka haraka, vile ninavyowajibu wateja wote. Alisema atarudi baada ya wiki tatu, kabla mvua haijaanza, kisha akaenda kwa dada yake aliyeolewa Kinna. Nilibaki pale nje na chai iliyopoa na mashua.

Tuliiweka juu ya mapipa manne, chini juu, mimi na dereva na majirani wawili. Kesho yake, kama saa nne asubuhi, nikiwa nachanganya rangi ya mlango wa mtu, niliisikia ikigonga. Iligonga mara moja. Ikanyamaza, kisha ikagonga mara mbili. Sababu ninaijua: jua likiipiga faiba, ile plastiki ngumu yenye nyuzi iliyoundiwa mashua, upande mmoja, upande huo hutanuka na ule mwingine bado umelala baridi, basi huvutana na kulia. Mabati hufanya hivyo kila siku juu ya vichwa vyetu na hakuna anayeshtuka. Lakini mabati hayajawahi kunifanya niweke brashi chini na kuuliza, "Nani?" Nilijisikia nikiuliza, kwa sauti, mchana kweupe, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu.

Iligonga kila asubuhi saa hiyo hiyo. Nikaanza kupanga kazi zangu ili ikifika saa nne niwe mahali pengine, hata kama ni kusimama tu kwa fundi viatu na kuzungumza habari za miraa nisiyoitafuna. Mke wangu aliuliza kama ile mashua ina kitu. Nikamwambia ina harufu ya mbuzi. Akaniangalia kwa muda, akarudi kwenye sufuria zake.

Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona mengine kabla ya hapo. Tangu mwaka ule sikuweza tena kuziba shimo la msumari kwa kidole gumba, jambo nililolifanya tangu nikiwa mwanafunzi wa baba yangu. Kidole kilikuwa kikigusa ile fila laini, kikaizungusha, nami nikaona maji ya matope yakipanda. Nilinunua kisu cha kuzibia, nikawaambia watu ni usafi.

Mashua yenyewe ililetwa zamani na wafadhili ambao hakuna anayekumbuka walikuwa nani. Ilikuwa nyeupe, ya faiba, ya kubeba watu kama kumi. Kisha ukaja ukame mrefu, mto ukawa njia ya mchanga, na mashua ikabaki imekaa juani. Kwa wafugaji, chombo kinachoweza kushika maji hakiwezi kukaa bure wakati mifugo inakufa kwa kiu. Wakaifanya birika la kunyweshea mifugo. Walikuwa wakiijaza maji ya kisima, mbuzi wanakunywa upande huu, ngamia upande ule. Na kwa kuwa birika huchafuka kwa mate na matope, walifanya wanavyofanya kwa kila birika: walitoboa tundu chini, la kuingia kidole gumba, wakalipiga kizibo cha mti. Ukitaka kuosha unachomoa, uchafu unatoka. Sioni ujinga hapo. Kwao maji yako ndani, na hofu ni yasitoke. Hakuna aliyekuwa akiwaza maji ya nje yanayotaka kuingia.

Mtu mmoja tu aliwaza hivyo, yule aliyekuja kuwa mwendeshaji wake. Alikuwa amezaliwa kando ya ziwa, kule Turkana, akaja Isiolo ujanani kuuza samaki wakavu, akampenda msichana wa Kiborana, akasilimu, akahamia kwao, mahali ambapo samaki hakuna anayemtamani. Alikuwa mtu pekee wa huko aliyejua kuogelea, na kwa miaka mingi ujuzi huo haukumfaa kitu. Redio ilipoanza kusema mvua ya mwaka huo itakuwa kubwa, yeye ndiye aliyekwenda kuitoa mashua kwenye mbuzi. Akaileta kwangu kwa sababu aliambiwa mimi ni fundi bora wa rangi Wabera, na mimi sikumkatalia.

Alikuwa akicheka kwa mabega, bila sauti. Aliniinamisha chini ya mashua, akanionyesha lile tundu.

"Hiyo mengine ni urembo," aliniambia. "Lakini hapa weka kitambaa ya faiba na gundi yake. Usiweke kitu ingine."

Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi siku hiyo hiyo. Mwenye duka, Msomali mmoja mtaratibu tuliyesoma naye darasa moja, alisema kitambaa na gundi vimekwisha, vitakuja na gari la Nairobi Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na madarasa ya kupaka kabla shule hazijafunguliwa, na mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa Mlima Kenya. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Sababu ya kweli ni kwamba sikuwahi kushika faiba maishani mwangu na niliona haya kusema. Mtu aliyepaka nusu ya mji hapendi kusema hajui.

Basi nikachanganya fila. Niliijaza kwenye tundu, nikaizungusha kwa kidole, ikakauka, nikaisugua kwa msasa mpaka ikalainika, nikapaka rangi ya mafuta ya nyumba, mara mbili, buluu, kwa kuwa buluu ndiyo iliyokuwa imebaki kutoka kazi ya zahanati moja. Nilipopitisha kiganja sikupatambua mahali tundu lilipokuwa, na nikaona fahari. Baba yangu, aliyeshuka kutoka Meru na brashi mbili na ndoo, alinifundisha kwamba kazi ya fundi wa rangi ni kufunika vizuri. Na kwenye kuta ni kweli. Huku kwetu maji hutoka juu, hupiga ukuta, huteremka, hukauka. Sikuwahi kupaka kitu kinacholala ndani ya maji.

Alhamisi alikuja kuichukua. Alizunguka mashua yote, akaingia chini, akapitisha kidole pale pale.

"Umeziba na nini?"

"Na dawa yake," nikamwambia.

Ningeweza kusimulia habari hii yote kwa maneno hayo matatu. Aliridhika. Kisha akasema, "Sasa twende wote. Baba yangu kule ziwani hakuwa anachukua mashua kwa fundi mpaka fundi apande kwanza. Fundi anakaa katikati, wanavuka ng'ambo, wanarudi. Ikizama, anazama na yeye." Mabega yakacheka. "Mimi pia ni hivyo. Lori inaondoka saa saba. Kesho kutwa utakuwa umerudi kwako."

Nilimwambia nina shule ya kupaka. Ilikuwa kweli kwamba nina shule. Haikuwa kweli kwamba hiyo ndiyo sababu. Niliogopa. Sijui kuogelea, na mimi peke yangu nilijua kilichokuwa chini ya ile rangi. Nilikataa kukaa ndani ya kitu nilichokitengeneza, kisha nikamsaidia mtu mwingine kukipandisha kwenye lori.

"Sawa, kazi ni kazi," alisema, akanipa mkono kwa mikono yake miwili.

Siku nane mashua ilivusha watu salama. Watu waliniambia hivyo nilipokwenda matangani, kwa kunifariji, kwa sababu waliona nimevunjika wakadhani tulikuwa marafiki sana. Siku ya tisa walikuwa watu watano na magunia ya unga. Walipofika katikati, mama mzee mmoja alisema miguu yake imelowa. Maji yalikuwa yakitoka chini. Mwendeshaji aliwaambia wachote kwa sufuria, naye akaweka kisigino juu ya tundu na kuendelea kupiga kasia. Mashua ikawa nzito, ikageuka ubavu, na hapo ndipo gogo lilipokuja na kuipasua upande. Mwendeshaji aliwafikisha watu, mmoja baada ya mwingine, kwenye mti uliosimama majini. Yule mama mzee alikuwa wa mwisho, na yuko hai mpaka leo. Mwendeshaji mwenyewe walimpata siku ya tatu, amekufa, chini sana mtoni, mto unapopinda.

Mashua ilipatikana vichakani, imepasuka ubavu, na ule ufa mkubwa ndio watu walioutazama. Nilikaa kwenye mkeka wao, nikanywa chai yao ya maziwa ya ngamia, nikasikia neno gogo kutoka kila kinywa. Nilingoja mtu aniulize kuhusu tundu. Hakuna aliyeniuliza, na nikashukuru, na hiyo shukrani ndiyo inayonichukiza kuliko yote.

Sasa mashua ilikuwa uani kwangu tena, na nilikuwa nimeombwa nizibe vile vile na nipake rangi ile ile.

Wiki ya kwanza sikuigusa. Wiki ya pili nilikwenda dukani kununua rangi. Nilikuwa nimekwisha amua, nisiwadanganye: nitaziba vizuri mara hii, nitapaka buluu, nitanyamaza, na mama wa watu atavuka salama. Nilijiambia kwamba kunyamaza hakumdhuru mtu ikiwa kazi ni nzuri.

"Ile ya nyumba tena?" mwenye duka aliuliza.

"Kuna gani?"

Akanipangia makopo juu ya meza. Kulikuwa na ya mafuta, ileile ya milango. Kulikuwa na rangi ya magari, ngumu, ya kuchanganywa na dawa ya kuigandisha. Kulikuwa na nyeusi ya kupaka ndani ya matangi, yenye harufu ya lami. "Lakini mashua, wallahi, koti yake ni hii," alisema, akafuta vumbi kwenye kopo lililokuwa rafu ya chini. "Ni gundi ya faiba yenyewe. Kuna nyeupe, kuna buluu, na kuna isiyo na rangi."

"Isiyo na rangi ni ya nini?"

"Mtu anataka kuona faiba yake. Hakuna anayenunua. Jua ya hapa itaikula, kila mwaka lazima urudie."

"Na kitambaa kipo?"

"Kipo. Siku hizi hakikosi, watu wa malori wanatengeneza bampa." Alinitazama. "Ile wakati ilikuja Ijumaa, kama nilivyokuambia. Nilikuwekea. Hukukuja."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakumbuka tu, kama muuza duka anavyokumbuka. Nilinunua kitambaa na gundi, nikamwambia rangi nitaijia, nikatoka kabla hajaniona uso.

Nilianza kuitoa ile buluu. Kwa siku nne nilisugua kwa msasa, kitambaa usoni, na vumbi la buluu likaingia kwenye kope na kwenye chai. Chini ya buluu kulikuwa na koti la zamani jeupe, limepasuka nyufa nyembamba kama sahani ya zamani, nalo nikalitoa kote chini ya mashua, mpaka nikafika kwenye faiba tupu. Ina rangi ya asali. Sikuwahi kuiona. Nilipofika kwenye tundu, nilikuta pete ndogo nyeupe imebaki pembeni mwake, fila yangu, ile ambayo mto haukumaliza kuichukua. Niliigusa kwa ukucha, ikavunjika ikawa unga.

Siku hiyo nilikuwa nimejisahau, sikukimbia saa nne. Jua lilikuwa kali, nikaingia chini ya mashua kutafuta kivuli, nikalala chali kwenye turubai. Nikatazama juu. Mashua nzima ilikuwa inawaka. Jua lilikuwa limepenya ile faiba tupu, na ningeweza kuona kila kitu ilichokuwa nacho mwilini: nyuzi zake zinavyopishana, mahali walipoiburuta juu ya mawe, ule ufa wa gogo, hata vidole vyangu nilipovipeleka upande wa nje na kuvirudisha. Kitu kama hicho hakiwezi kuficha chochote mpaka fundi wa rangi afike. Na pale kwenye tundu jua halikuzuiwa na kitu. Lilishuka moja kwa moja, duara la ukubwa wa shilingi, likaniangukia kifuani.

Mashua ikagonga, hapo hapo juu ya uso wangu. Sikuuliza nani. Nililia, na sikujali kama majirani wanasikia.

Nilipotoka pale nilikuwa nimejua ni rangi gani. Mbavu zitakuwa buluu, kwa kuwa mjane aliomba na mumewe aliipenda. Chini sitafunika. Nitapaka ile isiyo na rangi, ili yeyote atakayekaa ndani aone kilichopo kati yake na maji. Na nilijua pia kwamba nikifanya hivyo ataniuliza kwa nini, na nitalazimika kumjibu. Nilikwenda kununua lile kopo kabla sijapoa.

Kuziba faiba si kazi ngumu, hilo ndilo lililonisononesha. Unachonga kingo za tundu zilale, unakata vitambaa vya duara, kidogo kwanza halafu kikubwa na kikubwa zaidi, unavilowesha gundi kimoja kimoja, unatoa hewa kwa brashi. Mwenye duka alinieleza akiwa anampimia mtu misumari. Nilijaribu kwanza kwenye ndoo mbovu, nikaijaza maji, ikakaa siku tano bila tone. Kisha nikaziba tundu, nikaziba na ule ufa wa ubavuni. Mwishowe niligeuza mashua, nikaijaza maji mpaka nusu, nikailinda siku mbili nzima nikipapasa chini yake kwa kiganja. Mbuzi wa jirani walikuja kunywa. Niliwaacha, walikuwa na haki nayo kuliko mimi.

Mjane alirudi siku aliyosema. Mashua ilikuwa chini juu kwenye mapipa yake, mbavu zinang'aa buluu, na chini ni asali tupu. Aliizunguka mara moja.

"Fundi, rangi iliisha?"

"Haikuisha, mama. Ingia chini uangalie juu."

Alikusanya baibui yake akaingia. Nilibaki nje naona ndala zake tu. Kisha nikaona kivuli cha kidole chake kikipita ndani ya faiba, polepole, mpaka kikafika kwenye kiraka, ambacho kilionekana kama duara lenye rangi nzito zaidi. Kikasimama hapo.

"Hapa ndio ilikuwa ile tundu."

"Ndio."

"Sasa umeziba na nini?"

"Kitambaa cha faiba na gundi yake. Vitambaa sita. Unaweza kuvihesabu."

"Na ile mara ingine?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba ndefu. Nilikuwa na habari ya gari la Ijumaa, na ya mawingu, na ya shule. Niliziacha zote.

"Fila ya ukuta," nikasema. "Nilimwambia ni dawa yake. Nilimdanganya."

Kidole hakikuondoka kwenye kiraka. Aliongea kutoka kule chini, sauti ikitoka kana kwamba mashua ndiyo inayosema.

"Aliniambia ulikataa kupanda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema watu wa Isiolo wanaogopa maji, akacheka vile anacheka. Hiyo maneno nimekaa nayo miaka miwili. Uliogopa maji, ama uliogopa fila?"

"Fila."

Alitoka. Alijikung'uta vumbi magotini, akaangalia buluu ya ubavuni, akaangalia lile kopo la isiyo na rangi. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Hii ya chini itakaa muda gani?"

"Mwaka mmoja. Jua litaila. Itabidi iletwe kila mwaka."

"Basi kila mwaka utapanda," alisema. "Lori inaondoka saa saba. Beba kofia, huko kuna jua."

Nilikwenda ndani nikamweleza mke wangu yote, nimesimama, kwa haraka, mara ya kwanza. Aliniletea kofia.

Tulifika Biliqo jioni, na asubuhi tukaishusha mashua mtoni. Mvua ilikuwa imeshanyesha milimani, na Ewaso ilikuwa imejaa maji mazito ya rangi ya chai, inakwenda bila sauti. Watu walikuja kusimama ukingoni. Wote walikuwa wameshaambiwa na mjane habari ya fila. Hakuna aliyenitupia jiwe wala neno, walinifungulia njia tu nipite. Yule mama mzee aliyeokolewa alikuwa pale ameketi kwenye jerikeni, akinitazama.

Nilikaa katikati, kwenye mbao, nikitazama mbele. Mjane alikaa nyuma yangu na kasia. Akasema bismillahi, akasukuma, na ardhi ikaachana nasi.

Sijawahi kuogopa hivyo. Mwanga ulikuwa ukiingia kutoka chini, hafifu, wa kahawia, ukisogea, nami niliweza kuona kivuli cha majani yakipita chini ya miguu yangu. Kiraka kilikuwa hapo hapo, kati ya viatu vyangu, duara jeusi kidogo. Nilikitazama bila kupepesa. Nilisikia kasia, nilisikia pumzi yake, na nilijua kwamba mahali hapa, mbele kidogo au nyuma kidogo, ndipo yule mama mzee aliposema miguu yake imelowa. Mashua ikagonga chini, mara moja, kijiti labda. Mwili wangu ukafanya jambo lake bila kuniuliza. Niligundua baadaye tu kwamba nilikuwa nimesogeza mguu wangu wa kulia na kukiweka kisigino juu ya kiraka, nimekikandamiza kwa nguvu zangu zote.

Nyuma yangu kasia liliacha kupiga.

"Toa mguu hapo, fundi," alisema. "Nataka kuona."

Nikautoa.